Tangi la lita 270 juu ya kabati la tivii: uchambuzi wa stendi moja ya akwariamu

Kisa chenyewe kiko hivi. Jamaa mmoja kapata akwariamu, yaani tangi la kioo la kufugia samaki, urefu sentimita 120, upana 45, kimo 50, kioo cha milimita 10, na chini halina fremu ya plastiki, ni kioo kitupu kinachokaa moja kwa moja juu ya chochote utakachokiweka. Tangi zima kabisa, halivuji, silikoni ya kwenye maungio bado safi. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, nina kabati la tivii pana, refu kuliko tangi lenyewe, nimepanda juu nikasimama na wala halikutikisika. Si nalitumia hilo hilo?"

Swali la maana sana na watu wengi wanalijibu haraka haraka, mmoja anasema weka tu mbona langu lina mwaka wa tatu, mwingine anasema usithubutu, na hakuna anayesema kwanini. Mi naona tulichukue hili kabati lake kama lilivyo tulichambue taratibu, maana karibu kila kosa linalofanyika kwenye stendi za akwariamu lilikuwepo humo.

Kwanza uzito, na hapa usikadirie kwa macho. Kwa nje tangi ni 120 × 45 × 50, hiyo ni lita 270. Kwa ndani, ukitoa unene wa kioo na ukaacha nafasi kidogo juu, maji yanafika kimo cha sentimita 46 hivi, unapata kama lita 233. Toa nafasi inayochukuliwa na mchanga na mawe, yanabaki maji ya lita 210 na kitu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hiyo haina mjadala. Kioo cha milimita 10 kina kilo 25 kwa kila mita ya mraba, na tangi hili ukijumlisha kuta nne na kitako ni mita za mraba 2.2 hivi, kwa hiyo kioo peke yake ni kilo 55. Mchanga wa kina cha sentimita 5 ni kilo 40, mawe kama 15, weka hita, filta, taa na mfuniko, unaangukia kwenye kilo 330. Na hapo hatujagusa uzito wa stendi yenyewe.

Sasa yule aliyesimama juu ya kabati ana kilo sabini na kitu. Kilo 330 ni kama watu wanne na nusu wa uzito wake wamesimama pale juu kwa pamoja, na hawashuki. Hilo la kutoshuka ndo watu wanalisahau. Chipbodi na emdiefu (MDF), yaani mbao za kiwandani za vumbi la mbao lililoshikizwa kwa gundi, zina tabia ya kuendelea kubonyea polepole chini ya mzigo wa kudumu, leo imebonyea milimita moja, mwezi ujao moja na nusu, mwakani tatu, bila kuvunjika na bila kutoa hata mlio. Rafu ya chipbodi iliyojaa vitabu vizito miaka kadhaa utaikuta imetumbukia katikati na hata ukivitoa vyote hairudi. Kwa hiyo kusimama juu kwa dakika moja kunakwambia tu kwamba kabati halikuvunjika leo, na hilo silo unalohitaji kulijua. Unahitaji kujua kama sehemu ya juu itabaki bapa miaka mitano mbele, ikiwa na unyevu kila wiki.

Na kwanini ubapa uwe wa muhimu hivyo? Kwa sababu kioo hakijui kupinda. Tangi la ukubwa huu likijaa, ukuta wa mbele peke yake unasukumwa kwenda nje na maji kwa nguvu inayokaribia kilo 125, na kinachoushikilia ni silikoni tu kwenye kingo. Silikoni inavumilia hilo vizuri sana, imetengenezwa kwa kazi hiyo, lakini stendi ikianza kujikunja kona moja ikashuka halafu zile tatu zikabaki juu, unaongeza msokoto ambao tangi halikuundwa kuubeba. Matangi mengi yanayopasuka kitako au kuachia kwenye kona bila kugongwa na kitu, ukifuatilia utakuta chini yake kuna kitu hakikuwa bapa, au kilikuwa bapa siku ya kwanza tu.

Haya, kabati. Urefu sentimita 140, upana 40, kimo 55, chipbodi ya milimita 16 iliyobandikwa karatasi inayofanana na mbao, ndani limegawanywa vyumba vitatu. Shida ya kwanza inaonekana kabla hata hujainama: tangi lina upana wa 45, kabati 40. Sentimita 5 zinaning'inia hewani. Jamaa alikuwa na jibu tayari, kwamba atatanguliza ubao mpana juu halafu tangi likae kwenye ubao. Inasaidia kiasi fulani ila haiondoi tatizo, maana ukuta mzima wa mbele na uzito wake wote bado uko nje ya mguu wowote, ubao unageuka wenzo, unabonyeza ukingo wa mbele wa kabati na kutaka kunyanyua wa nyuma. Kwa tangi lenye kitako kitupu kama hili kitako chote kinatakiwa kikae juu ya kitu imara mpaka kwenye ukingo, hakuna nusu nusu.

Shida ya pili imejificha zaidi na ndo naiona kubwa kuliko zote. Kuta za wima za kabati ziko wapi? Mbili za pembeni, na mbili za katikati zinazogawa vyumba, yaani ziko kwenye sentimita 0, 47, 93 na 140. Ukiweka tangi la 120 katikati ya kabati la 140, ncha zake zinaangukia kwenye sentimita 10 na 130. Yaani zile kuta fupi za kioo, pale kwenye kona zote nne, hakuna ukuta wa wima chini yake, kuna chipbodi ya milimita 16 tu iliyotandikwa hewani. Kabati refu kuliko tangi linavutia kwa macho kwa sababu linaonekana lina nafasi ya ziada, kumbe urefu huo wa ziada ndo unaoondoa miguu mahali inapohitajika. Kabati lenye urefu sawasawa na tangi, hata la bei ya chini, mara nyingi linabeba vizuri zaidi.

Shida ya tatu, namna lilivyofungwa. Ubao wa juu haukukaa juu ya kuta za pembeni, umeingia katikati yake ukashikiliwa na vijiti vya mbao na zile skrubu za kuzungusha kidogo zikajifunga. Kwa hiyo mzigo wote wa juu hausimami juu ya mbao, unaning'inia kwenye vijiti vichache na matundu yaliyotobolewa kwenye chipbodi. Kwa tivii na ving'amuzi sawa kabisa. Kwa kilo 330 hapana. Halafu mgongo wa kabati ni ile hadibodi nyembamba ya kupigilia misumari midogo, na jamaa alikuwa ameshaukata tundu kubwa la kupitisha nyaya. Watu wengi wanauona ule mgongo kama pambo la kuzuia vumbi, ila ndo kitu pekee kinachozuia kabati lisilale pembeni. Nilimwambia aweke kiganja kwenye kona ya juu asukume kwa upande wa urefu, sio kwa nguvu, akasema linacheza kidogo. Hilo kidogo kabati likiwa tupu ni jibu tosha, kwa sababu mzigo ukishakaa juu, kila mlango unaobamizwa na kila mtu anayeegemea analisogeza, na siku miguu ikitoka kwenye wima mzigo wenyewe ndo unaanza kuisukuma izidi kwenda.

Na bado maji. Huwezi kuwa na akwariamu bila kumwaga matone, kila ukibadilisha maji kuna mkono uliolowa, kuna mpira unaochuruzika. Chipbodi ikinyonya maji kwenye ukingo inavimba na haisinyai tena, na ile nguvu ya kushika skrubu inaisha. Hata kama hesabu zote za juu zingekubali, hili peke yake lingenifanya nisite.

Basi kabati likakataliwa, linabaki na tivii yake. Wazo la kuliimarisha kwa kuongeza mbao ndani tulilipitia haraka tukaliacha, ukishaweka miguu mipya sita na ubao mpya juu na kufunga mgongo mpya, umeshatengeneza stendi nyingine ndani ya kabati, na bado ile chipbodi iko pale inasubiri maji.

Zikabaki njia mbili kwake, chuma au mbao. Alishaongea na fundi wa kuchomelea akachorewa stendi ya skwea paipu, milimita 25 kwa 25, unene wa milimita 1 na kidogo, miguu minne, juu fremu, chini hakuna kitu, miguu imeachwa wazi. Chuma kina nguvu sana na sina ubishi na hilo, stendi ya chuma iliyofanywa vizuri inadumu kuliko sisi. Ila mchoro ule ulikuwa na kasoro zake. Miguu minne mirefu isiyo na fremu ya chini wala kipande cha kukatiza kona kwa kona, mzigo wote wa kuzuia kuyumba unabebwa na vile vichomeleo vinne vya juu. Ningetaka paipu ya 40 kwa 40, unene wa milimita 2 au zaidi, fremu ya pili chini, na angalau upande wa nyuma uwe na chuma cha kukatiza. Lingine, chuma kikichomelewa kinavuta. Joto linaikunja fremu bila mtu kuona, na fundi akimaliza anasaga anapaka rangi inang'aa, wewe unaona stendi nzuri kumbe kona moja iko juu milimita tatu. Kwenye mbao unapiga randa, kwenye chuma unarudi kwenye grainda na mara nyingi fundi hataki. Anayechukua chuma aipime fremu kabla ya rangi: kona kwa kona kwa futi, vipimo viwili viwe sawa, halafu uzi uliokazwa upitishwe juu ya fremu kutoka kona mpaka kona pande zote mbili, nyuzi zikutane katikati kwa kugusana tu. Uzi mmoja ukiubonyeza mwingine au ukiachana nao, fremu imejikunja. Na ncha za paipu zizibwe, maji yakiingia ndani kutu inakula kuanzia usikokuona.

Mimi nilielemea kwenye mbao na jamaa akakubali, sababu kubwa ikiwa hiyo ya kurekebishika. Mbao ngumu iliyokauka vizuri, inchi mbili kwa nne. Nasisitiza iliyokauka, maana mbao mbichi utaipima leo iko sawa na ikikauka ndani ya nyumba inajinyonga yenyewe.

Muundo wake ni rahisi ila una kanuni moja ambayo haivunjwi: mzigo ushuke kwa mbao juu ya mbao mpaka sakafuni, skrubu kazi yake iwe kushikilia tu zisiachane. Yaani fremu ya juu ikalie vichwa vya miguu. Wapo mafundi wazuri kabisa wa vitanda na meza ambao wanapigilia fremu ubavuni mwa mguu na skrubu mbili tatu, na inaonekana imara, ila hapo kilo zote zinabebwa na skrubu inayokatwa kwa upande. Kwa hiyo kila kona ikawa na vipande viwili, kimoja kinasimama chini ya fremu ya juu hadi kwenye fremu ya chini, cha pili kimegundishwa ubavuni kwake kupita fremu zote mbili kikaenda hadi juu ili kuunganisha. Gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji, na skrubu.

Mbao za fremu zikasimama kwa ubavu wake mwembamba, sio kulazwa. Mbili kwa nne ikisimamishwa inakataa kupinda mara nne zaidi ya ikilazwa, mbao ile ile, gharama ile ile. Na tukaongeza mguu wa katikati mbele na nyuma. Hapa jamaa alilalamika kidogo kwa sababu mguu wa mbele unakata ule uwazi aliotaka wa kuingizia filta ya nje, ila hesabu yake inashawishi: mbao inayobeba mzigo uliotandazwa sawasawa, ukiufupisha urefu wake kati ya miguu ukawa nusu, kubonyea kwake kunashuka mara 16. Bila mguu wa kati nilikadiria fremu ingebonyea milimita moja na zaidi siku ya kwanza, na kuendelea kadiri miaka inavyokwenda. Ukiuweka, unaongelea sehemu ndogo ya milimita. Filta inaingia tu, kila chumba kilibaki na upana wa karibu nusu mita. Kwa tangi la sentimita 60 au 80 nisingemsumbua na mguu wa kati, lakini kwa 120 siuachi.

Juu tukaweka plaiwudi ya milimita 18, ile ya kustahimili maji, kingo zote zikapakwa vanishi mara kadhaa kwa sababu kingo ndo mdomo wa kunyonya maji. Mgongo nao ni plaiwudi ya milimita 12 iliyogundishwa na kupigwa skrubu pande zote, tundu za mipira zikatobolewa ndogo na duara, mbali na kona. Ule mgongo ukishafungwa sukuma stendi utakavyo, haitikisiki. Kimo cha stendi kikawa sentimita 70, na upana 50 badala ya 45 ili kitako kiwe kipana kidogo, halafu vyuma viwili vya kona vikaifunga ukutani. Nyumba yenye watoto hilo la ukutani ni la lazima, mtoto haangushi kilo 370 za tangi na stendi kwa kuisukuma ila anaweza kupanda kwenye mlango wa stendi, na kitu kirefu chembamba chenye maji yanayocheza juu hakitaki mazoea.

Sakafu yake ni zege iliyolala ardhini, juu marumaru, kwa hiyo uzito wenyewe haukunitia wasiwasi. Angekuwa ghorofani kwenye sakafu ya maboriti ya mbao ningeongea tofauti kabisa. Sakafu za makazi kwa kawaida zinasanifiwa kwa kilo 150 mpaka 200 hivi kwa kila mita ya mraba, na hili tangi kwenye eneo lake dogo linakandamiza kama kilo 600 kwa kiwango hicho hicho. Haina maana sakafu itaporomoka, mzigo unasambaa kwenye maboriti kadhaa, ila unatakiwa ulisogeze karibu na ukuta unaobeba na ulipange likatize maboriti mengi badala ya kukalia moja au mawili, na hapo ni vizuri mtu anayejua majengo aje aangalie. Kwake tulichoangalia ni marumaru zilizo na uwazi chini, unagonga na ncha ya vidole, ile inayolia mlio wa utupu usiweke mguu wa stendi juu yake. Fremu ya chini ya mbao inayolala sakafuni inasaidia sana kwenye hili kuliko miguu myembamba ya chuma.

Pimamaji ikaonyesha sakafu inateremka kuelekea mlangoni, milimita 6 ndani ya ule urefu wa 120. Jamaa akaogopa. Mteremko wa upande mmoja wa kiasi hicho hauui tangi, maji yanakuwa na kina cha nusu sentimita zaidi upande ule, kioo hakijali, ni macho tu yatakayoudhika kuona mstari wa maji umelala. Kinachoua ni msokoto, kona moja peke yake kuwa chini. Ila kwa kuwa tangi bado tupu hakuna sababu ya kuacha, tukasawazisha kwa kabari za plastiki ngumu chini ya stendi. Chini ya stendi, narudia, sio kati ya stendi na tangi, ukisokomeza kikaratasi au kijiti chini ya kona ya kioo umetengeneza sehemu moja inayobeba mzigo wa kitako chote. Na kabari ziwekwe chini ya kila mguu mpaka yote ikalie, mguu unaoelea haubebi kitu.

Kati ya plaiwudi na kioo likawekwa godoro la sponji ngumu ya milimita 6. Hii ni kwa sababu tangi lina kitako kitupu, chembe moja ya mchanga iliyonaswa chini inatosha kuanzisha ufa. Mwenye tangi la fremu ya plastiki chini asiige, yale uzito wake unapita kwenye fremu pembeni na kitako kimeinuliwa, sponji nene inaweza kukisukuma juu katikati. Na sponji haisawazishi stendi iliyopinda, inameza vijipunje na tofauti ndogo sana, basi.

Kujaza kukaenda kwa hatua: robo, ukasubiriwa, pimamaji, nusu, tena pimamaji, kisha tangi likaachwa limejaa maji matupu saa 24 kabla ya samaki yeyote. Kipimo kizuri kuliko vyote wakati huo ni maji yenyewe, pima kutoka uso wa maji hadi ukingo wa kioo kwenye kona nne na uandike. Kwake kona zote nne zilikuwa ndani ya milimita moja, na alipopima tena baada ya mwezi mmoja hazikubadilika. Milango ya stendi nayo inafunga kama mwanzo, hiyo ni alama nzuri ya kuangalia kila mara kwa sababu fremu ikianza kukaa vibaya milango ndo ya kwanza kukwaruza.

Kilichobaki ni umeme. Soketi alikuwa ameifunga ndani ya stendi chini kabisa, karibu na filta, ikahamishwa juu kwenye ukuta wa pembeni, na kila waya unashuka chini ya kimo cha soketi kwanza ndo unapanda kuingia, ili tone likifuata waya lianguke sakafuni. Matundu ya hewa kwenye mgongo bado hajayaongeza. Ndani kuna joto na unyevu wa filta, vanishi pekee haitoshi, na nimemwambia ayatoboe wiki hii kabla mbao za ndani hazijaanza kutoa ukungu.